Charger yako ya 1968 haihitaji kompresa: jinsi ya kuifanya modeli ya V8 ya Kimarekani ifanane na gari lenyewe

Mkuu, nimesoma swali lako na kuziangalia picha zote ulizoweka. Kwa wanaoingia sasa hivi: mwenzetu amejenga modeli ya plastiki ya Dodge Charger R/T ya 1968 (R/T ni toleo lake la kasi), kipimo cha 1/25, seti ya Revell. Kapiga zambarau, vipande vyote vimekaa, gundi haijamwagika, stika hazijapinda. Tatizo lake ni kwamba likikaa mezani bado linaonekana gari la kuchezea, na anauliza kama aachane na rangi za makopo anunue bunduki ndogo ya kupulizia na kompresa yake. Waliojibu juu wamemwambia anunue. Mimi nasema asubiri kwanza.

Nijitambulishe kidogo ili ujue ninaongea kutoka wapi. Kabla sijahamia Marekani nilikuwa fundi rangi eneo la Gerezani, Dar es Salaam. Kunyoosha bodi, puti, praima (rangi ya msingi), msasa wa maji, rangi, klia (tabaka angavu la juu), ndiyo ilikuwa kazi ya kila siku. Sasa naishi Lansing, Michigan, mji alikoanzia Ransom Olds na kampuni yake ya Oldsmobile mwaka 1897, na modeli hizi ndizo ninazokaa nazo baridi ikishika na theluji ikifunga njia. Nilichojifunza kwenye kazi zote mbili ni kimoja: modeli inafanana na gari pale mjenzi anapojua gari lile liliundwa vipi kiwandani. Kipi kilipigwa rangi pamoja na bodi, kipi kilipigwa peke yake, kipi kiliachwa chuma kitupu, kipi kilikuwa kinang'aa na kipi hakikung'aa hata siku kilipotoka dukani. Kwenye picha zako bodi, viti, chesi (fremu ya chini), injini na matairi vyote vina mng'ao uleule. Hapo ndipo jicho linaposhtuka, hata jicho la mtu asiyejua Charger ni nini.

Tuanze na chumba cha injini kwa sababu ndipo picha zako zilipoonyesha jambo kubwa. Umekipiga nyeusi chote: ukuta wa nyuma ya injini, madgadi ya ndani, na ile fremu inayoshika rejeta. Karatasi nyingi za maelekezo zinaruhusu hivyo, na kwa Chevrolet au Ford ungekuwa sahihi kabisa. General Motors (wenye Chevrolet, Pontiac na Oldsmobile) na Ford walikuwa wanapiga nyeusi isiyong'aa sana humo ndani. Chrysler, wenye Dodge na Plymouth, hawakufanya hivyo. Bodi ya Dodge au Plymouth ya miaka ile ilipigwa rangi pamoja na chumba cha injini, kwa hiyo gari jekundu lina chumba chekundu, gari la buluu lina chumba cha buluu. Ukifungua boneti ya Charger ya zambarau ukakuta weusi mtupu, mtu aliyewahi kusimama mbele ya gari lenyewe anajua papo hapo kuna kitu hakipo sawa. Vyeusi mle ni rejeta, betri na vitu vidogo kama hivyo. Silinda kuu ya breki ni chuma cha kuyeyusha, rangi ya kijivu iliyofifia. Ukibadilisha hicho kimoja tu, nusu ya tatizo lako imeisha, na haikugharimu kompresa.

Na kwa kuwa tumeigusa rangi: ile zambarau kali uliyoweka, Dodge waliiita Plum Crazy, na iliingia kwenye magari ya mwaka 1970. Plymouth walikuwa na rangi hiyohiyo kwa jina la In-Violet. Ndiyo kipindi cha zile rangi za kupiga kelele, chungwa la Go Mango, kijani cha Sublime. Charger ya 1968 ilikuwa bado kwenye nyeusi, nyeupe, nyekundu, na buluu na kijani za metali. Gari ni lako, lipige rangi unayoipenda, na zambarau imekaa vizuri kwenye mabega yale ya bodi. Nakuambia kwa sababu uliandika kwamba unataka lifanane na lilivyotoka kiwandani.

Sasa injini yenyewe. Kila kampuni ilikuwa na rangi yake na hili ni jambo la kulijua kwa moyo kabla hujafungua kopo. Chevrolet, chungwa. Ford kuanzia 1966, buluu iliyokolea. Pontiac, buluu nyepesi, ya metali kwenye miaka ya mwisho ya 60. Oldsmobile 400 ya 1969 (namba kama hii ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo), rangi ya shaba. Hemi ya Chrysler, chungwa linaloelekea wekundu, tofauti na chungwa la Chevrolet, na ukiziweka modeli mbili jirani tofauti inaonekana. Rangi ya injini haikuwa na klia juu. Ni rangi ya kawaida iliyopulizwa haraka kwenye chuma cha kuyeyusha chenye mikwaruzo, kwa hiyo inatakiwa nusu mng'ao. Ukiweka klia ya bodi kwenye bloku, umeirudisha kwenye plastiki.

Kwenye Hemi ya 426 nitakaa kidogo, maana ndiyo injini nzuri kuliko zote kuijenga kwa kipimo hiki, na ndiyo inayoadhibu asiyeiangalia vizuri. Ilikuwa ya kulipia zaidi kwenye R/T. Ya kawaida ilikuwa 440 Magnum ya nguvu za farasi 375, Hemi ikatajwa kuwa na 425. Tapeti kava zake, vile vifuniko vya juu ya vichwa vya injini, ni pana, nyeusi, na uso wake umekunjamana kwa makusudi. Rangi nyeusi laini haifai pale. Mimi hupuliza nyeusi isiyong'aa kwa umbali mrefu kuliko kawaida, ifike karibu imekauka, inatua kwa chembechembe na kuacha ule ukwaru. Juu kuna kabureta mbili za midomo minne, moja nyuma ya nyingine, chini ya kisafisha hewa kimoja kirefu. Na plagi haziko pembeni ya kichwa cha injini kama kwenye V8 nyingine. Zinaingia juu, katikati ya tapeti kava, nne kila upande, kupitia mirija. Hiyo maana yake waya za plagi zinaonekana zote. Huwezi kuzificha nyuma ya ekzosi.

Kwa hiyo ziweke. Seti haina waya, lakini hesabu yake ni nyepesi: waya wa plagi wa miaka ile ulikuwa na unene wa milimita 7, ukigawa kwa 25 unapata 0.28. Waya mwembamba wa koili ya mota ndogo iliyokufa unatosha, au nyuzi za shaba zilizo ndani ya waya wa chaja, ukizipaka nyeusi. Toboa kofia ya distribyuta (kile kinachogawa umeme kwa plagi) kwa kekee ya 0.35 ya kuzungushwa kwa vidole. Kama mkono hautulii kutoboa mashimo manane na la tisa la koili, toboa shimo moja pana katikati, jaza waya zote tisa pamoja na tone la gundi, halafu zifungue kama zinavyofunguka kwenye gari. Mtu akiangalia kutoka juu haoni tofauti.

Halafu zielekeze panapotakiwa. Kwenye Hemi na injini zote kubwa za Chrysler distribyuta iko mbele. Kwenye Chevrolet na Pontiac iko nyuma, karibu na ukuta. Ford iko mbele. Mpangilio wa kuwaka kwa V8 za Chrysler, Chevrolet na Pontiac ni 1-8-4-3-6-5-7-2, namba shufwa upande wa abiria na namba witiri upande wa dereva. Ford wanahesabu tofauti: silinda ya kwanza hadi ya nne zote upande wa abiria, ya tano hadi ya nane upande wa dereva, na 289 yao huwaka 1-5-4-2-6-3-7-8. Unaweza kusema nani atahesabu waya wa nywele. Nakuhakikishia kwenye meza za maonyesho huku wapo, wanainama na tochi. Ila sababu yangu siyo wao. Ukizifuata namba, waya zinapishana zenyewe kwa namna zinavyopishana kwenye gari, na ule upishano ndio unaoifanya injini ionekane imefungwa na fundi. Ukizichomeka ovyo zinakaa kama mapambo.

Ekzosi manifoldi: chuma kitupu. Kiwandani hazikupigwa rangi, na gari likiwashwa mara ya kwanza zinaanza kuingia kutu. Changanya fedha iliyofifia na kahawia kidogo, usizipige fedha inayometa. Gia boksi ya otomatiki ya Chrysler ni alumini mtupu. Propela shafti ni chuma. Sasa geuza gari, tazama tumbo. Umelipiga nyeusi pia. Tumbo la Dodge ya 1968 lilikuwa na praima, na rangi ya bodi ilikuwa inafika kwenye kingo wakati wa kupulizia, inafifia kuelekea katikati. Hilo unalifanya kwa kopo lako hilohilo: praima ya kijivu chini yote, halafu siku unapopiga bodi, elekeza pumzi fupi fupi kwenye kingo za chini kwa pembeni. Mbele utaona hakuna springi za kuzunguka, maana Chrysler walitumia fimbo za kujisokota, na nyuma kuna springi za majani. Vyote hivyo ni vyeusi vya chuma au kijivu. Tumbo la namna hii lina rangi sita au saba, hakuna hata moja inayong'aa, na linapendeza kuliko bodi.

Bodi sasa. Seti hizi bodi inatoka kipande kimoja, na ili itoke kwenye kalibu, kalibu inafunguka pande zote na kuacha mistari pale vipande vyake vinapokutana. Mistari hiyo inapita juu ya madgadi, kwenye nguzo za kioo cha mbele, na kushuka pembe za nyuma. Kwenye picha yako ya pili mwanga umeipiga ile ya dgadi la kulia na inaonekana wazi chini ya rangi. Mstari wa robo milimita ukiukuza mara 25 ni ngazi ya zaidi ya milimita 6. Gari gani liliondoka Detroit na ngazi ya milimita 6 juu ya dgadi? Ikwangue kwa mgongo wa kisu, siyo makali, halafu msasa wa 400, 600, 1000, kwa maji. Usiguse kona ya mstari wa bodi yenyewe. Charger ina ule mbonyeo kiunoni unaoinuka kwenye gurudumu la nyuma, na ukiulainisha umeua gari. Nilipokuwa gereji bosi wetu alikuwa anatufundisha kuipapasa bodi kwa kiganja huku umefumba macho. Kwa modeli tumia ncha ya kidole. Kidole kinaona mapema kuliko jicho.

Kisha chora upya mistari ya milango na boneti kwa ncha ya sindano nene kabla ya praima, maana rangi itaijaza. Mwanya wa mlango wa gari ni kama milimita 5, kwa hiyo kwako ni 0.2 tu. Tabaka tatu za rangi nzito zinaufunika kabisa na mlango unabaki mchoro.

Hapa ndipo swali lako la kompresa linapopata jibu. Bunduki ya kupulizia ni kifaa kizuri na ninayo, hasa kwa rangi za metali, kwa sababu chembe za metali za kwenye makopo ya gari la kawaida ni kubwa mno kwa kipimo cha 1/25. Zinameta kama mchanga. Lakini vipele ulivyopata kwenye paa havikutokana na kopo. Vimetokana na rangi kufika ikiwa nzito na baridi, au kwa mbali mno. Liweke kopo kwenye beseni la maji ya vuguvugu dakika chache, yale unayoweza kuingiza mkono bila kushtuka. Usilichemshe, usiliweke jikoni, lile ni kopo la gesi. Litikise hadi mkono uchoke. Tabaka la kwanza liwe vumbi tu, usitafute kufunika. La pili vivyo hivyo. La tatu ndiyo lenye maji maji. Anza kupuliza nje ya bodi na umalizie nje ya bodi. Jaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki, kina mviringo kama wa bodi, na hapohapo utajua kama rangi inakula plastiki.

Maana laka ya gari, ile rangi ya thina inayokauka haraka, inakula plastiki hii kweli. Praima ya modeli ipite kwanza, kama ya Tamiya au Mr. Hobby, ndipo laka ije juu kwa tabaka nyepesi. Kama plastiki yenyewe ni nyekundu, weka tabaka la fedha juu ya praima kabla ya rangi ya juu, la sivyo ule wekundu utapanda na kuigeuza nyeupe yako waridi baada ya wiki kadhaa. Ninyi mlio Dar, Tanga au Mombasa msipige laka siku ya mvua za masika. Unyevu unanaswa kwenye rangi na kuacha ukungu mweupe. Subirini jua la saa nne asubuhi. Na vaeni barakoa ya chujio la mkaa, ile ya kitambaa haizuii thina. Mafundi wengi niliofanya nao kazi vifua vyao vinajua ninachosema, na chumba cha kulala ni kibaya zaidi kuliko gereji iliyo wazi.

Kuhusu kung'arisha: General Motors walikuwa wanatumia laka na kuisugua hadi ing'ae, Chrysler na Ford walitumia enameli iliyookwa, ambayo haikusuguliwa na ilitoka na vipele vidogo. Kwa hiyo Dodge halisi ya kiwandani haikuwa kioo. Lakini usiitumie hiyo kama kibali cha kuviacha vipele vyako. Vya gari lile ukivigawa kwa 25 havionekani kabisa. Sugua kwa msasa wa maji wa 3000 kuendelea, acha kingo, maliza kwa dawa ya kung'arishia. Simamia hapo. Klia nene mara tano inaifanya modeli ionekane imechovywa kwenye asali, na magonjwa ya namna hiyo nayaona sana kwenye picha za mtandaoni. Yaoneni pia magari yaliyofanyiwa ukarabati wa gharama kubwa: mengi yanang'aa kuliko yalivyowahi kung'aa yakiwa mapya. Ukitafuta picha za kuiga, tafuta za magari ambayo hayajawahi kuguswa.

Kromu. Ile ya kwenye seti inameta kupita kiasi na ina kovu pale ulipokata kwenye fremu. Bampa zinaweza kubaki, pitisha nyeusi yenye thina nyingi kwenye mifereji, futa juu. Vitu vidogo kama vioo vya pembeni na vishikio, vioshe kromu kwa Jik, itatoka yenyewe bila kuidhuru plastiki, suuza, kisha tumia kalamu ya kromu ya Molotow. Grili ya Charger ya 1968 ni nyeusi, na taa zake zimefichwa nyuma yake, zilikuwa zinafunguliwa kwa vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini. Ukiacha kromu pale mbele umeliharibu lile domo jeusi linalotisha, na ndilo linalofanya watu wasimame.

Fremu za madirisha umezichora kwa kalamu ya fedha. Hapa usibane pesa, tafuta foili ya kujigandisha ya modeli. Kata kipande kikubwa kuliko unachohitaji, kilaze, kisugue kwa kijiti cha mbao kilichochongwa butu hadi umbo la fremu litokeze, halafu pitisha wembe mpya kwenye kingo bila kukandamiza. Wembe mpya kabisa. Ulioanza kuwa butu unachana. Ukikosa foili hiyo, karatasi ya alumini ya ndani ya chokoleti na gundi nyembamba itakuvusha, ila ni nene na kona zake zinavunjika.

Kwa maandishi madogo ya ubavuni, yale ya jina la gari, fanya hivi. Kabla ya rangi ya bodi, baada ya praima, bandika foili juu ya maandishi, isugue hadi kila herufi ionekane, punguza kingo. Piga rangi juu ya kila kitu kama kawaida. Ikikauka, chukua kitambaa cha pamba kilichofungwa kwenye ncha ya kidole, kiguse thina kidogo sana, pitisha juu ya herufi. Rangi inatoka kwenye migongo ya herufi tu na metali inachomoza, bila hata unywele wa mkono kutikisika. Mara ya kwanza nilipoona jina likijitokeza hivyo nilibaki nimelitazama muda mrefu, na bado napenda ile dakika kuliko hatua nyingine yoyote.

Ndani ya gari nitapita haraka: viti vya vinaili viwe nusu mng'ao, zulia lisiwe na mng'ao hata kidogo, dashibodi uipitishe brashi kavu yenye fedha kwenye duara za geji. Vioo vibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, hii ya haraka inavitia ukungu. Matairi yasugue kwenye njia ya kukanyagia kwa msasa, yaondoe ule mng'ao. Na usiyahifadhi yakiwa yamegusa vioo ndani ya boksi. Ule mpira laini unayeyusha plastiki taratibu, ukija kufungua baada ya miaka unakuta alama ya tairi imechimbika kwenye kioo cha mbele.

Kuna aliyeuliza chini kwa nini seti moja ina chesi yenye vipande kumi na nyingine ina kipande kimoja na ekzosi imechorwa tu juu yake, wakati boksi zote mbili zinasema AMT. Ni historia. AMT walianza 1948 Troy, Michigan, wakitengeneza vigari vidogo vya kugawiwa na wauzaji wa magari, mwanzo vya Ford. Jo-Han walikuwa Detroit wakifanya kazi hiyohiyo, na MPC wakaanzishwa 1963 Mount Clemens. Kampuni za magari ziliwapa michoro kabla gari halijatoka, ili kigari kiwe dukani siku gari linapozinduliwa, na ndiyo maana bodi za zamani ni sahihi ajabu na ndiyo maana kipimo cha Kimarekani ni 1/25. Mwaka 1958 AMT wakavitoa kama seti za kujijengea. Lakini tumbo halikuwa na umuhimu kwenye kigari cha matangazo, kwa hiyo chesi ilibaki sahili, na fimbo ya chuma ya magurudumu ilipita katikati ya bloku ya injini. Ukikuta shimo ubavuni mwa injini, ni hilo. Monogram wa Illinois wao walikwenda na 1/24, na seti zao za V8 kama Plymouth GTX ya 1970 zinafungika kwa urahisi sana.

Kalibu za mwaka hadi mwaka zilikuwa zinarekebishwa: ile ya 1968 inachongwa iwe ya 1969, na ya 1968 inatoweka. Ndiyo sababu baadhi ya magari hayarudi dukani, na boksi la zamani linauzwa bei ya kutisha. Leo AMT na MPC ziko chini ya Round 2, South Bend, Indiana, na Revell inaendeshwa kutoka Ujerumani tangu wenye mali wa Marekani walipofilisika 2018. Kwa anayetaka seti ya pili baada ya Charger, mimi napendekeza AMT ya Oldsmobile 442 W-30 ya 1969 (W-30 ni toleo lake la nguvu zaidi). Si kwa sababu naishi Lansing tu. Ile W-30 madgadi yake ya ndani yalikuwa ya plastiki nyekundu kutoka kiwandani, na chini ya bampa ya mbele kuna midomo miwili ya hewa yenye mabomba meusi mapana yanayopanda hadi kwenye kabureta. Injini ya shaba, madgadi mekundu, mabomba meusi, ukuta mweusi. Fungua boneti ile mbele ya mtu yeyote uone.

Turudi kwako. Usiitupe hiyo Charger. Toa vioo na kromu polepole, loweka bodi kwenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 na zaidi kwenye chombo chenye kifuniko, rangi italegea, itoe kwa mswaki wa zamani. Kama ni enameli itachukua muda zaidi, usikwangue. Kisha mistari ya kalibu, milango, praima, foili ya maandishi, rangi pamoja na chumba cha injini na kingo za tumbo kwa mkupuo mmoja, kwa kopo hilohilo ulilonalo. Chesi na injini unaweza kuvirekebisha bila kuvibomoa, brashi inatosha. Pesa ya kompresa nunua foili, kekee ya 0.35, misasa mizuri na barakoa, na chenji itabaki.

Ukifika kwenye waya na ukakwama, niandikie hapahapa, nitakuchorea distribyuta ikionekana kutoka juu na namba zake. Na ukileta picha safari ijayo, leta na za tumbo.